Yustina Wawili

Editha mwanangu,

Umekwenda kumuaga shangazi yako, na kwa vicheko ninavyovisikia kutoka kwake najua hutarudi upesi. Nimesogeza meza dirishani nikuandikie kabla giza halijaingia. Habari za safari siziandiki. Shangazi atakuwa ameshakueleza vumbi la Dodoma, maji ya kunywa, na namna ya kukataa kuazimisha nguo bila kugombana. Katika hayo ana maneno mengi kuliko mimi.

Mimi nina jambo moja. Kila nilipolianza kwa mdomo uliinuka kwenda kuangalia sufuria, hata siku ambazo hapakuwa na sufuria jikoni. Sikulaumu. Siku nyingine niliinuka mimi kabla yako. Lakini kesho unaondoka kwenda kuifanya kazi ile ile, kuandika programu pamoja na huyo msaidizi wako wa akili mnemba, na sitaki uondoke hali tumelifunika.

Ni lile la siku ya ujumbe. Watu wananiona nachuma kahawa, naitikia shikamoo zao, naenda kanisani, wanadhani nimeshatoka katika siku ile. Sijatoka. Bado nimesimama pale kwenye chanja ya kuanikia kahawa na ungo mkononi, sielewi nilichosomewa. Najua kisa chote unakijua kuliko mimi. Lakini wewe ulikiona kutoka upande wa kompyuta. Nataka ukione kutoka mahali niliposimama mimi.

Nianze wakati mama yako yu hai, maana wakati huo tulikuwa tunacheka.

Umoja wetu wa kusaidiana una gari moja la kubebea wagonjwa, na watu wake wako pande mbili: sisi wa milimani huku Mpepai, na wakwe zetu wa ziwani, Liuli na Lipingo. Akiugua mtu, ndugu zake walimpigia katibu, mzee Kasiani, naye akampigia dereva. Mzee Kasiani unamjua. Simu yake hukaa na chaji kama pakacha linavyokaa na maji. Yuko mgonjwa aliyelala kwenye benchi nje ya nyumba yake mpaka kukakucha, gari lipo, dereva yupo, simu ya katibu imezimika. Wewe ulikuwa umemaliza chuo na umerudi nyumbani. Ukasema, "Baba, hili ni jambo la programu ndogo tu. Ndugu anatuma ujumbe, programu inaangalia kama mgonjwa ni mwanachama, inamwambia dereva. Basi."

Ulipolieleza kwenye kikao, mzee Kasiani alikunja uso.

"Kwa hiyo, mjukuu wangu, mashine ndiyo itakuwa katibu?"

"Hapana, babu. Katibu ni wewe. Mashine itapokea maombi tu."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Utapumzika," mama yako akadakia kutoka nyuma. "Si ndiyo kazi uliyokuwa unaifanya?"

Watu walicheka mpaka mzee mwenyewe akacheka. "Haya," akasema, "lakini hiyo mashine yenu ikisinzia, msije kunililia mimi."

"Haisinzii, babu."

Mama yako alifuta machozi ya kicheko kwa pindo la kitenge. Pindo lile lilikuwa na alama ya pasi, kahawia, kama jani. Sijui kwa nini nalikumbuka hilo na siikumbuki tarehe ya kikao.

Ulipoiandika hiyo programu nilikaa nawe hapa hapa. Nilishangaa kama mtoto. Unamwandikia msaidizi kwa Kiswahili, "nataka hivi na hivi," naye anamwaga mistari kama mtu anayepukuchua mahindi. Tatizo lilikuwa majina ya wanachama. Kila kiongozi wa kijiji alileta yake, mtu mmoja ameandikwa Mpepai na ameandikwa tena Lipingo, huku na jina la ubatizo, kule na jina la utani. Ukamwambia msaidizi ayasafishe, aliyejirudia abaki mara moja. Akayasafisha. Akaandika na maelezo marefu, wewe ukayapandisha kwa kidole, yakapita juu ya kioo kama gari lisilosimama kituoni. Kisha zikatokea alama za kijani, mstari mzima.

"Imemaliza?" nikauliza.

"Imemaliza. Na imejipima yenyewe. Zote kijani."

"Basi kama imemaliza, njoo tule. Ugali unapoa."

Nalitaja hili ili usiondoke unadhani ulikuwa peke yako kwenye kiti kile. Mimi nilikuwa pale, nina macho, nawajua watu wale wote kwa sura na kwa mashamba yao, na nilikuita ule.

Na mwanzoni programu ilifanya kazi njema. Gari lilifika haraka kuliko lilivyowahi kufika. Mtoto wa jirani yetu aliyeshikwa na degedege alifikishwa hospitali wakati mama yake bado anatafuta kanga ya kumfunikia. Hilo mimi silisahau, na wewe usilisahau hata siku unapojichukia.

Kisha mama yako akafa. Hapo sitasema mengi. Mfuko wa dagaa wa usipa alioletewa kutoka ziwani bado umening'inia nyuma ya mlango. Siuli wala siutupi, na paka ananitazama kama mtu asiye na akili. Baada ya mazishi mzee Kasiani alikaa kwenye kigoda cha nje akaandika kifo chake kwenye simu, kama ulivyomfundisha, ili jina la marehemu lisiendelee kudaiwa michango. Alimaliza akaniambia, "Pole, Gaudensi. Nimeshamwandika." Nikamshukuru. Fikiria, nilimshukuru.

Sasa, mwanangu, mtu yeyote wa Liuli, hata mlevi wa kupindukia, angekuambia kwamba Yustina ni wawili. Bibi yao mzaa baba, Yustina mwenyewe, alikufa, na wanawe wawili wakapata kila mmoja mtoto wa kike katika msimu ule ule. Kila mmoja akataka kulirudisha jina la mama yake nyumbani kwake, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Watoto wakabatizwa Jumapili moja. Siku za kuzaliwa hazikukumbukwa vizuri, kasisi akawaandikia wote siku ile ya ubatizo. Jina moja, babu mmoja, tarehe moja, kijiji kimoja cha kuzaliwa. Nyumbani wakaitwa Yustina Mkubwa na Yustina Mdogo, na hata nani mkubwa walibishana maisha yao yote. Mama yako, huyo Mkubwa, alipenda kuwaambia wageni, "Mimi nikitangulia msihangaike, nimeacha mwingine."

Na huyo mwingine ni mama mdogo wako. Wewe umesoma shule ya msingi ukilala kwake Lipingo, umebebwa mgongoni mwake, umechapwa kwa mwiko wake. Ungeweza kumtambua kwa kikohozi katikati ya soko. Programu haijui kikohozi. Iliona Yustina mara mbili, ikaona vyote vingine vimefanana, ikamfanya mtu mmoja.

Siku yenyewe ilikuwa jua kali, kahawa imekauka vizuri mpaka inalia ukiigeuza. Mimi nilikuwa napepeta, wewe uko upande wa pili wa chanja unatoa mbovu. Simu yako ikalia ule mlio wa programu. Ulisoma, na uso wako ukabadilika kwa namna ambayo sikuipenda.

"Baba," ukasema, "kuna mtu anamwombea mama gari."

"Mama yupi?"

"Mama."

Ukaninyoshea simu. Niliisoma polepole, kwa sababu ndivyo ninavyosoma kila kitu. Ombi limekataliwa. Yustina ni marehemu. Umoja unakupa pole kwa msiba.

Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Niliamini. Si kwa muda mrefu. Kwa muda wa kumeza mate. Niliamini kwamba mama yako anaumwa mahali fulani na anaomba gari. Nikajiona mjinga mkubwa, nimemzika mtu ambaye hajafa, nimemwacha huko anasubiri, na sasa anaomba kurudi nyumbani nasi tumemkatalia. Nilitazama njia ya makaburini. Naapa niliitazama. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshaanza kwenda.

Simu ikalia tena. Ombi limekataliwa. Pole kwa msiba. Ikalia tena. Mtu huko aliko anaandika, na kila anapoandika anapewa pole.

Ndipo ulipopiga kelele, "Mama mdogo!" Ukamwaga ungo wako. Kahawa ile ilitawanyika mpaka kwenye majani ya migomba, na mpaka leo naziokota punje zake.

Ulipiga simu mara haipatikani, mara inaita na kukatika, mtandao wa ufukweni unavyopotea nyuma ya vilima. Mwishowe akapokea Anjela, mkwe wa mama mdogo. Ukanipa mimi simu. Nasikia upepo na pikipiki.

"Baba mkubwa!" Alikuwa anapiga mayowe. "Kwa nini mmeandika mama amekufa? Mama hajakufa! Nimemshika kiunoni hapa!"

"Ana nini?"

"Nyoka, baba mkubwa! Kifutu, shambani, alikuwa anang'oa muhogo. Mguu umevimba kama mtungi. Ninyi mnatupa pole! Pole ya nini?"

"Gari liko wapi?"

"Mimi ndiye wa kukuuliza gari liko wapi!"

Namba ya dereva hakuwa nayo. Sisi wenyewe kwenye kikao ndio tulisema ifichwe, ili watu wasimpigie Lukasi kwa kujuana na kumrubuni. Lilikuwa wazo zuri, watu walipiga makofi. Na unajua gari lilikuwa wapi. Lilikuwa Lipingo hiyo hiyo, ng'ambo ya kijito, Lukasi amekunja suruali analiosha. Alitazama simu yake mara kadhaa, akaona kimya, akaendelea kuosha matairi. Siku aliponisimulia hayo aliniuliza, "Baba, kimya si maana yake hakuna mgonjwa?" Mimi nami ningeelewa hivyo hivyo.

Tulipompata Anjela walikuwa wameshaenda mbali, gari lisingewakuta. Walimfikisha hospitali kwa pikipiki, katikati ya dereva wa bodaboda na Anjela, mguu unaning'inia katika njia ile ya mawe. Alipona sumu. Mguu haukupona. Daktari alinieleza kwa upole kwamba mapema kidogo ingekuwa habari nyingine. Wakaukata chini ya goti.

Tuliporudi kutoka kumwona, ulifungua kompyuta kwenye meza hii. Nikasema, "Nionyeshe ilipo." Nilitegemea kitu kikubwa. Nilitegemea uniteremshe kurasa na kurasa, kama mtu anayetafuta ufa kwenye ukuta wa kanisa. Ukaweka kidole kwenye mistari michache, mifupi, ambayo ingeenea nyuma ya bahasha.

"Ni hapo tu?"

"Ni hapo tu, baba."

Kisha ukapanda juu, kwenye yale maelezo marefu, ukanisomea kwa sauti ndogo. Msaidizi alikuwa ameandika, kwa Kiswahili kizuri kabisa, kwamba amechukulia watu wenye jina moja, babu mmoja na tarehe moja ya kuzaliwa kuwa ni mtu mmoja, na tafadhali mtu anayewafahamu wanachama ahakiki kabla programu haijatumika.

Mwanangu, nilikuwa nimeshajiandaa kuichukia ile mashine. Nilikuwa naihitaji chuki hiyo, ingenisaidia kulala. Ikaninyima. Ilikuwa imetuomba tuangalie, na sisi tulikwenda kula ugali.

Ukanieleza na habari za alama za kijani. Kwamba vipimo navyo ilivitunga yenyewe, kwa majina ya kubuni. Watu wa kubuni hawana bibi aliyekufa akagombaniwa jina. Kwa watu wale programu ilikuwa sahihi kabisa.

Tangu hapo nimekuwa namfikiria mama yako alipokuja kuolewa huku. Yeye ni wa ziwani, amelima tambarare, ngolo hakuwa ameziona. Wewe umezaliwa nazo huzioni hata kama ni kitu. Mwanamume anafyeka, anapanga nyasi kwa mistari inayokatana mlimani. Mwanamke anakuja nyuma, anachimba udongo wa katikati na kuufunika juu ya nyasi, mpaka mlima mzima unabaki na vishimo vya kukamatia maji, ndizo ngolo. Mwaka wa kwanza nilipanga nyasi kwa haraka. Kulikuwa na mpira Mbinga mjini, na mimi nilijiona mchezaji. Mistari yangu ilishuka mlimani moja kwa moja kama mifereji. Mama yako alichimba kwa kuifuata, kwa usafi kabisa, kazi nzuri kuliko ya majirani. Mvua ya kwanza ikashuka nayo. Udongo wetu uliishia kwenye shamba la mtu mwingine bondeni, na maharage yameshaota.

Bibi yako, mama yangu, alisimama pale juu na fimbo yake.

"Mkwe wangu, hukuona nyasi zimelala vibaya?"

"Niliona, mama."

"Sasa ulichimbaje?"

"Nilisema yeye ndiye Mmatengo, ngolo ni za kwao."

Bibi akanigeukia. "Na wewe, Mmatengo, ulirudi kuangalia?"

Sikuwa nimerudi. Nilikuwa nimesema, mke anachimba vizuri, nimemwona. Kila mmoja wetu alimwegemea mwenzake, na katikati hapakuwa na mtu aliyesimama.

Mwaka uliofuata mama yako alibadilika, na nakiri mwanzoni sikupenda. Nikiwa nimeshapanga, nimeshafuta jasho, yeye anaegemea mpini wa jembe na kuita ili majirani wasikie, "Gaudensi! Njoo uniambie huu mstari umekunywa nini!" Nilikuwa naona aibu. Lakini naenda, natazama, na mara nyingine kweli mstari umelewa. Mara nyingine haukulewa, ananiambia "samahani, mume wangu," anachimba. Tuliishi hivyo mpaka nikawa siwezi kupanga nyasi bila kusikia sauti yake. Mwaka huu nilipanga peke yangu. Kimya kile sikijui nikifanyeje.

Sikuambii umwache huyo msaidizi. Ana kasi ambayo wewe huna na mimi sitakaa niwe nayo, na wagonjwa wanataka kasi. Ila wewe ndiye mwenye jembe. Asipokuelewesha, egemea mpini, uite. Usimwonee haya kwa sababu anajua mengi. Mama yako alinionea haya mimi, na ona udongo ulikokwenda.

Na kuna kitu kinachonitisha zaidi, ndicho hasa kilichonifanya nikae kwenye meza hii. Hapa ulikuwa unamjua. Mama mdogo ulimjua kwa kikohozi, na bado alipita mbele ya macho yako akafutwa. Huko Dodoma utaandika programu za watu ambao hutawaona kamwe. Watu wa Kondoa, wa Kigoma, wa visiwani, kila mahali wana mila zao za majina na za kuzaliwa, na mambo ambayo kwao hata mlevi anayajua. Wewe hutayajua. Msaidizi naye hatayajua, au atahisi kidogo na kuandika chini kabisa, tafadhali ahakiki mtu. Huyo mtu lazima awepo, Editha. Awe na jina, awe na muda, asiitwe kula. Na pengine asiwe wewe. Pengine iwe kazi yako kupanda basi na kwenda kumtafuta mlevi wa huko ukamuulize.

Jingine alilisema mzee Kasiani, si mimi. Tulikuwa kwenye kikao kile kizito, watu wanataka programu itupwe, wengine wanasema tukiitupa tunarudi kwenye benchi. Mzee akasimama. Nilidhani atajisifu, maana alikuwa na haki. Akasema, "Mimi nilisinzia, watu wakakosa gari. Mashine ilikuwa macho, mtu akakosa gari. Basi nasema hivi: kumkubalia mgonjwa, mashine ikubali yenyewe. Kumkatalia, isikatae mpaka mtu asome na kumpigia aliyeomba. Sauti ya Anjela ningeisikia mimi, hata nikiwa na usingizi, ningejua si sauti ya mtu aliyefiwa jana." Hakuna aliyebisha. Wamemnunulia chaja ya sola, analala nayo kama mtoto mchanga. Anakungoja uandike hivyo alivyosema, ndipo programu iwashwe.

Mimi naye tumepitia majina, yeye anasoma, mimi nasema namjua au simjui. Tumekuta wengine. Yuko baba na mwanawe wamekuwa mtu mmoja. Wako dada wawili wa Liuli. Wote wazima, wanalima, wanacheka, hawajui walikuwa wamebakiza siku ngapi kabla mmoja wao hajafa na mwenzake akanyimwa gari. Nilipomkuta wa kwanza nilitoka nje nikashika ukuta.

Sasa nifike pale unapoinukia.

Programu imezimwa, lakini ndani yake mama mdogo bado ni marehemu. Uliahidi utawatenganisha. Ukafungua, ukafunga. Nilidhani ni aibu. Juzi nilipita mlangoni kwako nikakuona: umeandika Yustina, chini yake umeandika tena Yustina, na kidole kimesimama hewani hakishuki. Ndipo nikaelewa, na nikajilaumu kwa kuchelewa kuelewa. Kifo cha mama yako kiliandikwa na mzee Kasiani. Sasa ili mmoja awe hai, inabidi wewe, kwa mkono wako, uandike kwamba yule mwingine hayupo.

Ungeweza kumwambia msaidizi. Angefanya mara moja, kwa unadhifu, na asingetetemeka. Hukumwambia. Nilikwenda kukaa kwenye kinu nyuma ya nyumba nikalia, sehemu kwa uchungu na sehemu kwa sababu niliona kuna jambo umeshalijua ambalo mimi nilikuwa nahangaika namna ya kukufundisha.

Jumapili nilikuwa Lipingo. Mama mdogo anajifunza magongo, anayatukana kwa Kinyasa. Hajakuona tangu hospitali, na anajua sababu, si mjinga. Akaniambia, "Shemeji, huyo mtoto nimemlea mimi. Mwambie nimekatwa mguu, mdomo ninao. Aje nimtukane kidogo, halafu tule. Na aje na hiyo kompyuta. Nataka nione mwenyewe ninavyofufuka."

Tikiti yako ni ya basi la Songea la kesho. Lukasi naye kesho alfajiri anashuka ziwani na gari, na kiti cha mbele kitupu. Nimemwomba apite hapa kwanza. Kazini wanakungoja Jumatatu, siku zinatosha kwa njia zote mbili. Sitakuamulia. Umeshaamuliwa vya kutosha. Nitakubebea begi upande utakaokwenda.

Ukishuka Lipingo, kaa naye kwenye mkeka. Mwandike yeye kwanza, akiwa anatazama, umsomee ulichoandika mpaka aseme ndiyo. Kisha andika la mama yako. Najua unachokiogopa. Hutakuwa umemuua. Alikuwa ameshakufa, mwanangu. Macho yake niliyafumba mimi.

Ni mimi baba yako,
Gaudensi